Jumapili ya Kutawadhana Miguu

Mwaka ule Arvil Stidham hakutaka kutawadhwa miguu kanisani, na sababu yake haikuwa ya kumwambia mtu. Aliileta habari hiyo Ijumaa asubuhi, akiwa amesimama mlangoni mwa jikoni, wakati mkewe Delphia anachemsha taulo nyeupe za kanisa kwenye sufuria kubwa.

"Keshokutwa mtanisamehe," alisema. "Kwenye ibada nitakuwepo, ila kutawadhana sitaweza. Mgongo hauinami."

Delphia aligeuza taulo kwa mwiko kama anayepika ugali. "Mgongo. Juzi ulipanda juu ya paa la Ndugu Burl ukapiga misumari mpaka jua likazama. Siku hiyo mgongo uliuacha wapi?"

"Ndipo uliponiuma hapo."

"Haya," alisema Delphia, naye alipojibu "haya" kwa sauti hiyo, Arvil alijua kwamba halijaisha.

Mgongo wa Arvil ulikuwa mzima. Kibovu kilikuwa mguu wa kushoto. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda kilichoanzia kwenye kijiwe kilichoingia ndani ya buti, akakitembelea siku nzima bila kukisikia, kwa kuwa nyayo zake zilikuwa zimekufa ganzi kwa sukari. Sasa kilikuwa shimo lenye kingo nyeupe, na kilinuka. Kila asubuhi alijifungia kwenye kibanda cha zana, akakimwagia dawa ya kuosha vidonda vya farasi, akavaa soksi, juu yake mfuko wa plastiki, juu yake soksi nyingine. Usiku alilala kwenye kochi sebuleni akisingizia joto. Delphia alimwachia mto na shuka, wala hakuuliza.

Mwanamume mwingine angekwenda hospitali. Lakini mgodi wa makaa ulipofungwa, bima nayo ilifungwa, na vidonge vya sukari vilipokwisha kwenye kichupa Arvil hakuwa na namna ya kununua vingine. Aliona haya kumwambia mkewe. Hata hilo lingesameheka. Lisilosameheka ni kwamba mwezi wa Aprili, ibadani, alisimama mbele ya watu wote wa kanisa la Quillen Fork akasema Bwana amemwondolea sukari, hahitaji vidonge tena.

Alikuwa amekusudia kusema maneno mawili tu, ili Delphia aache kuuliza kichupa kiko wapi. Watu wakalia. Wanaume walikuja kumshika mkono mmoja mmoja. Mkwewe, Mama Verdie, alipunga leso hewani akiita jina la Yesu. Arvil alipoona machozi ya watu, maneno yakazidi kumnogea, mpaka na yeye akaamini nusu yake. Hivyo ndivyo alivyouchukua umaskini wake akauvisha kanzu ya Mungu. Amini usiamini, kumsingizia Mungu wema ambao hajautenda ni kumsingizia vilevile.

Kwetu huku milimani Kentucky, Jumamosi ya kabla ya Meza ya Bwana kanisa hukutana, na mzee huuliza kama watu wako katika amani. Swali hilo si la salamu. Mwenye neno na mwenzake hulitoa hapo hapo, kwa kuwa ukijitenga na beseni la kutawadhia Jumapili, hakuna atakayesema ni mgongo. Watasema una kinyongo.

Mzee Burl alikuwa fundi seremala mwenye nyusi nene, hakusomea uchungaji wala hakulipwa kwa kazi hiyo. Aliuliza swali lake akatembeza macho kwenye mabenchi. Kisha akasema, "Nimesikia yupo ndugu ambaye kesho hatatawadha. Simtaji. Nataka ajue tu kwamba beseni ni pana."

Arvil alimtazama mkewe upande wa wanawake. Delphia alikuwa anatazama mikono yake. Hapo akajua ni nani aliyepeleka maneno.

Kabla hajafungua mdomo, Dorsey Napier alisimama. Dorsey alikuwa msimamizi wa zamu yao zamani mgodini, mtu mkubwa, mwenye makovu ya makaa usoni. Kofia aliishika kwa mikono miwili.

"Namjua, na kosa ni langu," alisema. "Ndugu Arvil, nilipopata kazi kule ng'ambo ya mpaka wa jimbo, waliniambia nilete mtu mmoja ninayemwamini. Nililitaja jina lako. Halafu mke wangu akanisumbua juu ya mdogo wake, nikalifuta lako nikatoa la huyo mlevi. Nimekuwa nikikukwepa dukani tangu hapo. Nikikuona kwenye unga, mimi naenda kwenye misumari."

Watu wengine walicheka kidogo. Dorsey hakucheka. Kidevu kilikuwa kinamtetemeka, mzee mzima.

Arvil hakuwa na habari hiyo hata kidogo. Aliona mtu mwenye heshima zake akivuliwa nguo mbele ya kanisa kwa sababu ya mgongo usiouma, akatamani ardhi ipasuke.

"Sina neno na wewe, Dorsey," alisema. "Kweli nakwambia. Sikujua hata."

"Basi kesho nitakutawadha mimi mwenyewe," alisema Dorsey, akapita katikati ya mabenchi akamkumbatia. Kanisa likaitika amina. Arvil akiwa amebanwa kifuani kwa Dorsey, naye akaitika.

Walipofika nyumbani, Delphia alisema, "Umekasirika kwa sababu nimemwambia Burl?"

"Hapana."

"Nilikuwa sina wa kumwambia mwingine. Wewe huniambii kitu siku hizi. Unaniambia kuna joto."

Delphia akachukua beseni la maharage mabichi, akamwita mama yake, wakaenda kukaa barazani kuyatunga kwenye uzi ili yakauke kwa ajili ya majira ya baridi.

Mtu aliyeshikwa pabaya hushika hata unyasi. Mgodini Arvil aliwahi kusikia mtu akisema sindano ya insulini hukausha kidonda upesi. Mama Verdie, ambaye sukari alikuwa nayo tangu Delphia hajaolewa, alikuwa na sindano zake. Bima ya wazee ilimpa, na Delphia alizichukua kila mwezi kwenye duka la dawa. Mama Verdie alizitunza kwenye kifriji kidogo chumbani kwake na kujichoma mwenyewe, akisema mkono wa bintiye ni wa kushonea magunia.

Chumba cha mkwe si mahali pa mwanamume kuingia bila hodi, na huku kwetu ni vilevile. Arvil alisikia kicheko cha wanawake barazani, akaingia kwa kunyata kama mwizi, na mwizi ndiye aliyekuwa. Akafungua kifriji.

Boksi za insulini zilipangwa moja juu ya nyingine, zimejaa mpaka kwenye taa. Zote zilikuwa na lakiri zake. Hakuna hata moja iliyofunguliwa.

"Umeziona," ilisema sauti nyuma yake.

Mama Verdie alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine kwenye fremu. Alikuwa amekonda, Arvil aliona sasa jinsi gauni lilivyomning'inia.

"Mama, nilikuwa natafuta mtindi."

"Mtindi uko jikoni, mwanangu, na wewe mtindi huunywi." Alicheka, akaja kukaa ukingoni mwa kitanda. Hakuwa na hasira. Uso wake uling'aa kwa furaha ya mtu aliyefumaniwa na zawadi kabla ya sikukuu. "Nilitaka nikwambie mwenyewe, ila nikasema acha nihakikishe kwanza. Tangu siku ile uliposimama sijajichoma tena. Nilimwambia Bwana, ulivyomtendea Arvil, mkwewe naye yupo hapa hapa, nyumba hiyo hiyo, hutapoteza njia."

Arvil alishika mlango wa kifriji. "Delphia anajua?"

"Delphia ni Tomaso. Angeniburuta kwa daktari asubuhi hiyo hiyo."

"Unajisikiaje, Mama?"

"Nina kiu, siwezi kukudanganya. Nakunywa maji kama nyumbu. Na macho, watu nawaona kama nawatazama kupitia maziwa. Lakini hata wewe ulipitia huko, au siyo? Kabla ya kupona."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yake. Mlango ulikuwa wazi, hakuna mtu wa tatu, na mama wa watu alikuwa anamtazama kwa macho yasiyoona vizuri, akingoja. Neno moja lingetosha.

"Kidogo," alisema Arvil.

"Basi," alisema Mama Verdie, akampigapiga mkononi. "Ndiyo njia yenyewe."

"Lakini Mungu hakukataza dawa. Labda ungejichoma leo tu, kwa sababu ya kesho, kuna joto na watu wengi."

"Wewe ulitumia dawa?"

"Hapana," alisema Arvil, na hilo lilikuwa la kweli, na ndilo lililommaliza mama yule.

"Haya, usinitikise," alisema. "Nimeshafika mbali."

Asubuhi ya Jumapili Mama Verdie alimimina kahawa nje ya kikombe, akaendelea kuimimina mezani huku akizungumza habari nyingine. Delphia alimshika mkono. "Mama, vipi?"

"Mwanga huu," alisema Mama Verdie.

Arvil alichukua kitambaa akaipangusa kahawa. Alipangusa mpaka pasipokuwa na kahawa. Alijichukia kwa kila mzunguko wa mkono wake.

Kanisani palijaa. Nje, chini ya kibanda, akina mama walikuwa wamekwisha kupanga vyakula vya mchana: mkate wa mahindi, kuku, keki za tufaha kavu. Burl alitoa mstari wa wimbo kwa kuuimba haraka peke yake, na watu wakaudaka na kuuvuta polepole, sauti zikipanda na kushuka pamoja. Walikula mkate, wakanywa divai. Kisha mabenchi yakageuzwa yatazamane, wanaume kulia, wanawake kushoto, na mabeseni yakaletwa.

Dorsey alijifunga taulo kiunoni, akapiga magoti mbele ya Arvil. "Lete, ndugu."

Arvil alitoa wa kulia. Dorsey aliuosha taratibu, akaukausha kidole kwa kidole, machozi yakimdondoka bila kuyapangusa. Upande wa pili Delphia alikuwa amepiga magoti mbele ya mama yake. Mama Verdie alilamba midomo mara kwa mara; ilikuwa imekauka na kupasuka.

"Mwingine," alisema Dorsey.

Arvil alikuwa ametayarisha uongo wake: angesema msuli umembana, angecheka, angesimama amtawadhe Dorsey, na mambo yaishe. Ulikuwa tayari ulimini. Ndipo aliposikia Mama Verdie, ambaye kwa kutoona vizuri alikuwa amesahau pia kupunguza sauti, akimwambia mgeni aliyekaa karibu naye, "Yule pale ni mkwe wangu. Ndiye aliyeponywa."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Kilio kilikuwa kimekaa pale upande wa kushoto, kimevaa gauni la Jumapili.

Arvil alivua soksi ya kwanza. Mfuko wa plastiki ulipiga kelele ndani ya wimbo. Alivua mfuko, akavua soksi ya pili, na ikabidi aivute, kwa kuwa ilikuwa imeshikana na nyama. Harufu ikatoka. Wimbo ulipungua kwenye benchi lao, kisha kwenye benchi la nyuma. Mtu alikohoa. Mwanamke mmoja alimtoa mwanawe nje akiwa amemziba pua.

Dorsey alitazama. Alikuwa ameona watu waliobanwa na mawe ya mgodini, lakini alivuta pumzi.

"Arvil," alisema kwa sauti ya chini. "Hii inauma?"

"Haiumi. Ndiyo shida yake."

Kisha Arvil aliinua uso. Alisema akiwa ameketi, maana kusimama hakuweza.

"Sikuponywa," alisema. "Vidonge viliniishia, nikakosa cha kununulia. Nikaona aibu kusema sina. Nikasema ni Mungu."

Hakuna aliyeimba tena.

"Na jana nimejua kuna mtu ameacha dawa zake kwa sababu ya maneno yangu, nikanyamaza tena. Mama Verdie hajajichoma sindano tangu Aprili."

Delphia aliinuka, maji yakimchuruzika viganjani. Alimtazama mama yake, akamtazama mumewe, na hakujua aanze na nani.

"Nani huyo anayesema?" aliuliza Mama Verdie.

"Ni Arvil, Mama."

"Arvil. Jana ulipokuwa chumbani kwangu ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ulikwenda kufanya nini kule?"

Kanisa zima lilikuwa linasikiliza. "Kuiba sindano yako," alisema Arvil.

Mama Verdie alimgeuzia uso. Kwa mara ya kwanza Arvil aliona kwamba alikuwa mzee sana.

"Ungeniomba ningekupa," alisema. "Mjinga wewe. Ungeniomba tu."

Dorsey hakuwa ameuachia mguu. Aliuingiza ndani ya maji, akaanza kuosha kisigino, kisha upande, kisha kukizunguka kidonda chenyewe kwa ncha za vidole. Burl aliinua macho. "Wimbo haujaisha," alisema, akatoa mstari uliofuata. Watu walichelewa kuudaka. Walioudaka waliudaka kwa unyonge, wengine hawakuudaka kabisa, na ndugu mmoja alichukua kofia yake akaondoka, wala sikumwona tena mwaka ule.

Delphia alivuka kuja upande wa wanaume. Kwetu mwanamke havuki. Alichukua taulo kiunoni mwa Dorsey, akapiga magoti, akaupokea mguu wa mumewe mapajani. Alikuwa anaukausha huku ameinamisha kichwa.

"Kochi lile," alisema. "Lilikuwa kwa ajili ya hii?"

"Ndiyo."

"Mimi nilidhani ni mimi. Nilinunua gauni jipya la kulalia, Arvil. Nikalirudisha dukani."

Arvil alimwekea mkono kichwani, akalia kwa sauti mbele ya watu wote, jambo ambalo hata baba yake alipozikwa hakulifanya.

Dorsey aliwapeleka hospitali kwa gari lake, Delphia mbele, Arvil na mkwewe nyuma. Njia nzima Mama Verdie alitazama dirishani, ijapokuwa Arvil alijua kwamba haoni kitu. Walipofika walimchukua yeye kwanza kwenye kiti cha magurudumu, na kadi yake ya bima ilipokelewa mara moja. Arvil akabaki dirishani kwa msichana wa mapokezi, mguu umefungwa taulo la kanisa, watu wamejaa kwenye viti nyuma yake.

"Bima?" aliuliza yule msichana.

"Sina."

"Samahani, sijakusikia."

Alipandisha sauti. "Sina bima. Sina kazi. Nina kidonda."

Nyuma yake hakuna aliyegeuka. Mtu mmoja aliendelea kula biskuti. Msichana aliandika kitu, akasema, "Kaa pale, baba, watakuita. Usiukanyagie huo mguu."

Ilikuwa hivyo tu. Arvil alikaa kwenye kiti cha plastiki. Kwa kulikimbia neno dogo kama hilo alikuwa amekaribia kumuua mama wa watu.

Daktari alimwambia kidole gumba hakitapona, kitakatwa kesho, na mguu uliobaki ataupigania. Juu ya Mama Verdie alisema wamemwahi. Macho yatarudi kiasi, asiulize kiasi gani. Jioni walimruhusu Arvil asukumwe mpaka kitandani kwa mkwewe. Delphia alikuwa amesinzia kwenye kiti. Mama Verdie alikuwa macho, mrija mkononi, midomo imepakwa mafuta.

"Mama," alisema Arvil. "Sijui niseme nini."

"Usiniambie mimi. Kila asubuhi tangu Aprili nilikuwa namshukuru Mungu kwa ajili yako. Asubuhi zote hizo." Alivuta shuka kifuani. "Lakini alizisikia. Atajua pa kuzipeleka. Haya, omba."

"Mimi?"

"Nani mwingine aliyemo humu? Burl kaenda kula keki. Omba, ila leo useme kweli."

Arvil aliinamisha kichwa. Alitafuta maneno mazuri aliyoyazoea, akaona yote yananuka. Mwishowe akasema, "Bwana, mguu wangu umeoza. Naogopa kukatwa. Sina pesa ya kulipa mahali hapa, na nimewakosea hawa wanawake wawili." Hapo akakwama kwa aibu.

Mkono wa Mama Verdie ulipapasa shuka mpaka ukamfikia.

"Amina," alisema. "Endelea."